Kabla ya Kulifufua Jina, Uliza Lilikufa kwa Nini

Mwenyekiti wa kikao, wahandisi wenzangu, wapiga gitaa, na ninyi mliokuja kwa sababu kuna jina la zamani mnalolimezea mate: asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie kufufua chapa za pedali za gitaa zilizokwisha kufa. Watu wenye mpango huo huwa nakutana nao mara kwa mara. Mtu anakuja na jina, anakuja na picha ya kasha la miaka ya 1970 lililochubuka rangi, na anazitaja rekodi zilizotumia pedali ile kwa sauti ya mtu anayetaja wazee wake. Nikimuuliza kampuni ilifungwa kwa nini, hunijibu kwa neno moja: "Wajapani." Au: "Dijitali." Kisha anarudi kunionyesha nembo. Ninachokuja kusema leo ni kwamba huyo anaanzia mwisho. Anayenunua jina la kampuni iliyokufa hununua pamoja nalo ugonjwa ulioiua, na ugonjwa huo mara nyingi haukuwa kwenye sauti.

Kwa walioingia ukumbini kwa kufuata wenzao: pedali ni kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gitaa la umeme na amplifaya. Unakikanyaga, sauti inabadilika. Inakwaruza, inarudi na mwangwi, inazunguka. Ndani mna saketi ambayo mara nyingi ingeenea kiganjani. Basi.

Tuna methali tunayoipenda mno, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri ya kumfariji mwenye duka, lakini historia ya pedali imeikataa tangu mwanzo kabisa. Pedali ya fazi, yaani ya kuikwaruza sauti, iliyotangulia zote kuuzwa madukani kwa wingi, Maestro FZ-1 Fuzz-Tone, ilitolewa na kampuni ya gitaa ya Gibson mwaka 1962. Asili yake ni hitilafu. Katika studio moja ya Nashville, Marty Robbins akirekodi wimbo "Don't Worry", njia moja ya mtambo wa kuchanganyia sauti iliharibika, na besi ya Grady Martin ikatoka imekwaruzika vibaya sana. Wakaiacha hivyo hivyo kwenye rekodi. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaunda saketi ya transista tatu za jermaniamu, madini ya transista za zamani, ya kuiigiza hitilafu ile kwa makusudi, na Gibson wakaichukua. Mwaka ule wa kwanza walisambaza madukani zaidi ya pedali 5,000. Mwaka 1963 walisambaza 3. Si elfu tatu. Tatu.

Sasa fikirini mngekuwa nyinyi ndio wahasibu wa Gibson mwaka 1964. Mngesema nini? Mngesema kitu hiki ni kibovu, tukifunge. Kumbe mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones akaikanyaga pedali hiyo kwenye "(I Can't Get No) Satisfaction", na shehena iliyokuwa imelala madukani ikaisha. Saketi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maelezo. Gibson walikuwa wameitangaza kuwa italifanya gitaa lilie mithili ya tarumbeta, ala nyingine za kupuliza, hata selo. Mnunuzi aliijaribu, akasikia kwamba hiyo si tarumbeta hata kidogo, akairudisha kabatini. Na ajabu ni kwamba Richards mwenyewe aliitumia kama ilivyotangazwa: alitaka sehemu ile baadaye ichezwe na tarumbeta, fazi ilikuwa ya kushikilia nafasi tu. Dunia ikasikia fazi ikiwa fazi, ikaipenda kwa jina lake.

Pedali ya HM-2 ya Boss, kampuni ya Japani, ni ndugu wa kisa hicho. Ilitoka mwaka 1983 ikiwa na lengo la kumpa mtu mngurumo wa amplifaya kubwa za hevi metali bila kulazimika kuzibeba. Haikuufikia mngurumo huo. Ilitoa sauti ya msumeno wa mashine. Mwaka 1991 ikaondolewa sokoni. Lakini Stockholm, katika studio iitwayo Sunlight, vijana wa bendi kama Entombed na Dismember walikuwa wamekwisha kuzungusha nobu zake zote nne hadi mwisho, na msumeno ule ukawa ndio utambulisho wa mtindo mzima wa muziki. Boss waliporudi na HM-2W, karibu miaka 30 baadaye, hawakulirudia tangazo la 1983. Waliuza kile ambacho wanunuzi walikuwa wamekigundua bila msaada wao.

Kwa hiyo kuna kufeli kwa kitu na kuna kufeli kwa habari za kitu. Hili la pili ndilo linalofufulika kwa urahisi, na kwa bahati mbaya ni nadra. Makampuni mengi ya pedali yalikufa kwa sababu ambazo hazisikiki kwenye spika.

Chukua MXR. Keith Barr na Terry Sherwood, marafiki tangu sekondari, waliianzisha Rochester, jimbo la New York, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Phase 90 yao, kile kisanduku cha rangi ya chungwa chenye nobu moja tu cha kuizungusha sauti, ingali kipimo cha pedali zote za aina yake mpaka leo. Kampuni ilifungwa mwaka 1984. Je, sauti iliharibika? Hapana. Lakini ukitaka kubadilisha betri kwenye MXR ya zamani, unafungua skrubu nne na kuondoa bamba la chini. Taa ya kukuonyesha kwamba imewaka haipo. Tundu la adapta halipo. Mwaka 1977 Boss walikuja na kasha ambalo betri yake hutolewa kwa kulegeza skrubu moja kwa vidole, na adapta unachomeka nyuma. Mwanamuziki aliyewahi kufiwa na betri gizani, katikati ya wimbo, hahitaji hotuba juu ya jambo hili. MXR walijibu kwa kutoa pedali za plastiki kwa wenye pesa kidogo, na mitambo mikubwa ya dijitali na hata mashine ya ngoma kwa wenye pesa nyingi. Pale katikati, palipokuwa pao, pakachukuliwa.

Dunlop, watengenezaji wa vifaa vya gitaa, walilinunua jina mwaka 1987. Rangi ya chungwa wakaibakiza, nobu moja wakaibakiza, wakaongeza taa na tundu la adapta. Na muhimu zaidi, tayari walikuwa na vidonoo vya kupigia gitaa na vitu vingine vidogo vidogo vinavyoingia kila duka la ala za muziki kila mwezi, kwa hiyo pedali ilipanda gari ambalo lilikuwa linakwenda huko hata bila yenyewe. Ukiniuliza, ufufuo wa MXR ni ufufuo wa usambazaji. Watu hawapendi kusikia hivyo kwa sababu hauna mahaba.

Kifo kinachonisikitisha kuliko vyote ni cha Musitronics, waliotengeneza Mu-Tron. Mike Beigel na Aaron Newman waliianzisha New Jersey mwaka 1972. Mu-Tron III yao ni kichujio kinachofunguka na kufunga kwa kufuata nguvu ya mkono wako: ukipiga kwa nguvu kinafunguka zaidi, ukipapasa kinanyamaza. Stevie Wonder alipitishia humo kinanda chake cha klavineti kwenye "Higher Ground" ya mwaka 1973, na tangu hapo wapiga besi wa fanki hawakulala. Kampuni ilikuwa na bidhaa nzuri, sifa, na oda.

Kisha likaja gizmo. Kevin Godley na Lol Creme wa bendi ya 10cc walikuwa wamebuni kifaa cha kufunga juu ya nyuzi za gitaa, chenye mota na magurudumu madogo ya plastiki yenye meno, kila gurudumu likisugua uzi wake mfululizo ili gitaa litoe sauti ya fidla nyingi. Wabunifu wenyewe walitoa albamu ya santuri tatu mwaka 1977, "Consequences", iliyoanza kama onyesho la kifaa hicho. Musitronics wakakubali kukigeuza kiwe bidhaa ya kiwandani. Kikawamaliza. Plastiki ile ilibadilika na joto na unyevu, magurudumu yakaisha meno, marekebisho yakazaa marekebisho, na kila mwezi fedha iliyoletwa na Mu-Tron ikaingia kwenye gizmo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mu-Tron ikauzwa kwa ARP, watengenezaji wa vinanda vya elektroniki, na ARP nao wakafilisika mwaka 1981. Jina zuri likafa mara mbili ndani ya miaka michache, na mara zote mbili pedali yenyewe haikuwa na kosa.

Beigel baadaye alichora Q-Tron kwa ajili ya Electro-Harmonix, na katika miaka ya 2010 akarudi na kampuni ya Mu-FX na pedali aliyoiita Tru-Tron 3X. Saketi ilikuwa kichwani mwake muda wote huo. Jina ndilo lililokuwa limetangatanga.

Hapa naomba mnivumilie niingie kwenye hesabu, maana ndiko maiti nyingi zilikozikwa. Tuseme pedali inauzwa dukani kwa 100 ya fedha yoyote mnayoitaka. Duka linachukua, tuseme, 35. Msambazaji wa nchi nyingine anachukua 15. Mtengenezaji amebaki na 50. Vipuri na kasha 22, kazi ya mikono 10, sanduku, usafiri na zile zitakazorudi kwa hitilafu 6. Imebaki 12, na kodi ya jengo haijalipwa. Bado hiyo ni faida, mtasema. Ni faida, lakini iko wapi? Vipuri umelipia leo, tena kwa wingi, kwa sababu anayekuuzia potenshiometa, kile kipuri kinachozungushwa na nobu, hakuuzii vipande 50 tu. Duka litakulipa baada ya siku 60 au 90. Sasa oda zikaongezeka maradufu. Shangwe! Unahitaji fedha taslimu maradufu za kununulia vipuri kabla hujapokea hata senti ya oda za awali. Kampuni inaweza kufa wiki ile ile ambayo simu haiachi kulia. Wahenga waliosema mali bila daftari huisha bila habari walimaliza kila kitu. Mimi naongeza tu kwamba daftari lenyewe liwe na ukurasa wa tarehe, sio wa kiasi peke yake.

Ndiyo maana ufufuo ninaouheshimu kuliko wote ni wa Electro-Harmonix, na sababu yangu si Big Muff, pedali yao maarufu ya fazi. Mike Matthews, aliyekuwa akifanya kazi ya mauzo IBM, aliianzisha New York mwaka 1968. Kitu cha kwanza kilikuwa LPB-1, kiongeza nguvu chenye transista moja, kazi ya Bob Myer. Zikafuata Big Muff, Small Stone, Electric Mistress, Memory Man. Mwaka 1982 mgogoro wa wafanyakazi na uhaba wa fedha ukaisimamisha. Ikainuka, ikaanguka tena mwaka 1984. Mtu mwingine angetafuta mkopo wa tatu ili atengeneze pedali zile zile.

Matthews alikwenda Urusi ya Kisovieti, na huko akapata valvu za amplifaya, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti ndani yake. Nchi za Magharibi zilikuwa zinaacha kuzitengeneza, wakati viwanda vya Kisovieti vilikuwa vinaendelea, na kila mwenye amplifaya ya valvu duniani alihitaji kubadilisha zake mara kwa mara. Angalieni tabia ya bidhaa hiyo: haina mitindo, haimtoi mtu machozi, inachakaa, na inapochakaa mteja anarudi. Akauza valvu chini ya jina Sovtek. Pedali zikarudi taratibu nyuma ya valvu, kwanza Big Muff zilizotengenezwa huko huko Urusi mwanzoni mwa miaka ya 1990, zenye makasha mazito ya kijeshi, kisha Electro-Harmonix yenyewe. Wakati huo pedali zake za zamani zilikuwa zimepanda bei mikononi mwa wakusanyaji, kwa hiyo soko lilikuwa limempimia kiu bila yeye kulipia tangazo. Na baadaye, alipozirudisha, akazipunguza ukubwa. Yale makasha ya bati ya miaka ya 1970 yalikuwa mapana kupita kiasi. Mpiga gitaa wa sasa ana pedali sita hadi kumi kwenye ubao mmoja na kila sentimita ina mwenyewe. Sauti ya zamani, eneo dogo, adapta ya kawaida ya volti 9.

Kwa maneno mengine, alirudi na chanzo cha fedha kilichokuwa kimekosekana alipoanguka.

Sasa tuje kwenye vipuri. Mnaposema "tutaitengeneza sawasawa na ile ya 1978", mnasema nini hasa? Mwangwi wa wakati ule ulitegemea chipu zinazopokezana chaji hatua kwa hatua, wazo la Sangster na Teer wa maabara za Philips mwaka 1969. MN3005 ya Panasonic ina hatua 4,096. Ukiiendesha kwa saa, yaani mapigo yanayoisukuma chaji, ya kilohezi 10 inakupa ucheleweshaji wa milisekunde 204.8, na ukitaka zaidi ama unapunguza kasi ya saa na sauti inachafuka, ama unaongeza chipu. Panasonic waliacha kuzitengeneza. Leo kuna nakala zinazotoka viwanda vingine, nyingine nzuri kabisa, lakini lazima upime moja moja na kurekebisha saketi kuzifuata. Jermaniamu ni shida zaidi: transista mbili za mfuko mmoja huvujisha umeme kwa viwango tofauti, na zote hubadilika joto likibadilika. Pedali mbili za fazi za Fuzz Face za mwaka 1966 zaweza kutofautiana hata ndugu wasitambuane. Sasa utaiga ipi? Mteja atakuambia "ile nzuri", naye ameisikia kwenye rekodi moja tu.

Kisha sheria. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya unazuia madini ya risasi kwenye solda ya vifaa vya aina hii, na kadimiamu, iliyomo ndani ya seli za mwanga ambazo vichujio na pedali nyingi za zamani zilizitegemea, imewekewa kikomo kikali zaidi. Saketi ya 1973 ikinakiliwa kipande kwa kipande inaweza isiruhusiwe kuuzwa huko. Mfufuaji mzuri anajua sikio linasikia nini kwenye kipuri kile, halafu anatafuta njia nyingine ya kufika hapo hapo.

Kuhusu jina lenyewe nitakwenda haraka, mawakili wapo. Marekani, alama ya biashara isipotumika miaka 3 mfululizo huchukuliwa kuwa imetelekezwa mpaka mwenyewe athibitishe vingine. Umoja wa Ulaya na Uingereza ni miaka 5. Hataza, haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, huisha baada ya miaka 20, kwa hiyo saketi nyingi za enzi ile ziko huru, na ndiyo maana jina na sura ya kasha vinagombaniwa. Mwaka 2005 Roland, wenye Boss, waliwashtaki Behringer kwa ajili ya sura ya pedali, na mwaka uliofuata wakapatana. Kampuni ya Thomas Organ hawakulisajili jina la Cry Baby, pedali yao ya wa-wa inayoifanya sauti ilie kama mtoto, wengine wakalibandika kwenye pedali zao bila aibu, mpaka Dunlop walipoichukua bidhaa hiyo mwaka 1982. Tena urithi hutawanyika: Gibson wamebaki na Maestro, lakini Echoplex, ile mashine ya mwangwi iliyouzwa chini ya Maestro, jina lake sasa ni la Dunlop. Gibson walipoirudisha Maestro mwaka 2022 kwa pedali tano, moja tu ndiyo iliyokuwa na nasaba ya wazi na FZ-1. Sauti zake sizilaumu. Ila nembo peke yake haikuweza kunieleza kwa nini nichague mwangwi wao badala ya mwingine.

Na kuna chapa ambazo hazikufa kwa kosa la soko wala la hesabu. Zilitelekezwa na mzazi. DOD, iliyoanza Utah mwaka 1974, iliingia chini ya Harman pamoja na dada yake DigiTech, na Harman wakaingia chini ya Samsung. Katika kampuni ya ukubwa ule pedali ni vumbi kwenye jedwali. Mwaka 2022 Cor-Tek wa Korea Kusini, watengenezaji wa gitaa, wakazichukua zote mbili. Maiti ya namna hii ndiyo rahisi kuiinua, kwa sababu wateja bado wapo, michoro bado ipo, na baadhi ya watu walioijua kazi wanaweza kuitwa warudi. Ukikuta ya namna hii usichelewe.

Nimalizie na kundi la pili. Simaanishi kundi la watu, namaanisha kundi la pili la pedali kutoka kiwandani. La kwanza litaisha. Wakusanyaji watanunua, wenye kumbukumbu watanunua, na atakayenunua ili auze kwa bei ya juu naye atanunua. Hapo ndipo mgema husifiwa akatia tembo maji: potenshiometa ya bei nafuu kidogo, swichi ya mguu ya bei nafuu kidogo, oda mara tatu. Kundi la pili hununuliwa na mtu asiyejua lolote kuhusu jina lenu. Amezaliwa baada ya kampuni kufungwa. Mbele yake zipo nakala nyingi za saketi yenu zilizotengenezwa na wengine miaka yote mliyokuwa kaburini, baadhi nzuri kuliko za kwenu za zamani. Huyo mwambieni nini? Kama jibu lenu ni mwaka wa kuanzishwa, msitengeneze kundi la pili.

Anayekuja kwangu na jina, ninamwomba aniletee vitu ambavyo havipo kwenye picha: nyaraka za mahakama za ufilisi, ambazo mara nyingi ziko wazi kwa umma, mazungumzo na fundi aliyekuwa akipokea pedali zilizorudishwa, atuambie ni kipuri gani kilikuwa kinakufa kwanza, na ratiba ya malipo, nani alimdai nani na kwa siku ngapi. Akishaleta hivyo, tunakaa mezani na kuichomeka pedali. Mara nyingi siku hiyo huwa ameshaamua kununua michoro na kuliacha jina, au kulilipia jina nusu ya alichokusudia na ile nusu nyingine kuiweka kwa ajili ya vipuri.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kipaza sauti kiko pale kushoto, na mwenye swali la jermaniamu aanze, maana hilo litatuchukua muda.